Mteja Aitwaye Mgeni

Nilistaafu Jumamosi iliyopita, kabla ya adhuhuri, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakukuwa na keki, wala saa ya ukutani, wala hotuba ya mtu aliyesahau jina langu. Bwana Shee, mwenye duka, aliniambia tu, "Haya, Tinda, ufunguo uweke hapo," nami nikauweka hapo. Utumishi wangu ulidumu likizo tatu za shule: Aprili, Agosti na Desemba. Nakuandikia wewe, Abuu wa Form One, utakayekalia stuli yangu, na yeyote atakayekufuata wewe ukishachoka. Soma yote. Najua husomi kitu hadi mwisho, lakini hiki soma.

Kuhusu mshahara sitasema kitu, maana hakuna cha kusema. Kuhusu vyeo, nilipandishwa mara moja, kutoka kiti cha plastiki hadi stuli.

Siku ya kwanza nilikwenda na shati la shule, kwa sababu mama alisema kazi ni kazi. Duka unalijua, hapa Amu, au Lamu kama wanavyoandika shuleni, upande wa Langoni: simenti, misumari, rangi, mabomba, boriti zimeegemea ukuta. Ndani kabisa, nyuma ya makopo ya rangi, kuna rafu moja ambayo wateja hawaiulizii kwa sauti. Hapo pana sanda, kafuri, na mbao za kiunza, zile za kumfunika maiti kaburini. Mimi baba yangu ni mwalimu kutoka Kitui, kwetu tunazika kwa jeneza, kwa hiyo mwanzoni nilidhani zile mbao ni za kutengenezea meza.

Bi Maimuna alikuwa mbele ya kompyuta, uso umekaribia skrini kama mtu anayenusa samaki kujua kama ni wa leo. Kwao ni Siyu, kisiwani Pate, na alikuwa karani wa duka hili tangu enzi za vitabu vya kaboni. Sukari ilikuwa inamla macho.

"Mato yangu yanakwenda zao," aliniambia. "Nimesalia na yako. Wewe wavuta?"

"Hapana, Bi."

"Waiba?"

"Bado, Bi."

Hakucheka, lakini alinisogezea kile kiti cha plastiki.

Vifaa vyako ni hivi. Kibodi inafunikwa na kipande cha kanga, kwa sababu vumbi la simenti likiingia na unyevu wa hapa ukishuka, herufi zinaganda kama matofali. Herufi M imeshaganda mara mbili. Kipanya kinatembea juu ya kigae, hakipendi mbao. Risiti za siku zinatobolewa kwenye ule msumari uliosimama juu ya meza, na kila anayefanya kazi hapa lazima ajitoboe mara moja, ni kama kusajiliwa. Ukutani kuna msumari mwingine, ambao unaning'iniza flash mbili kwa uzi mweusi. Kumbuka hizo flash.

Likizo ya Aprili nilijifunza kuingiza mauzo. Bi Maimuna alikaa nyuma yangu akisikiliza vidole vyangu, na nikikosea alijua kabla yangu. "Umerudia sifuri," anasema. Nikitazama, kweli nimemuuzia mtu mifuko ya simenti ya kujenga mji mzima. Sijawahi kumwona mwalimu shuleni anayesikia kosa likiandikwa.

Agosti ndipo ilipokuja kazi yenyewe. Programu ya hesabu ilikuwa imejaa miaka na miaka ya mauzo, na ilikuwa nzito. Unabonyeza kutafuta mteja, unakwenda kununua mahamri, unakula, unanawa, unarudi, na kile kiduara bado kinazunguka. Bwana Shee akasema miaka ya zamani iondolewe humo, ihifadhiwe pembeni. Mashine ina namna yake ya kufanya hivyo. Unaipa tarehe, na kila kilichotangulia tarehe hiyo inakikusanya: mteja aliyekuwa na mistari mia anabaki na mstari mmoja wa salio, na mistari yake yote inahamia kwenye faili jingine, la kumbukumbu, ambalo unalifungua ukiwa na haja.

Bi Maimuna alinipa masharti yake akiyahesabu kwa vidole. Kwanza, nakala ya kila kitu kwenye flash zote mbili. Moja irudi msumarini, moja iende nyumbani kwa Bwana Shee. Pili, tarehe isomwe kwa sauti mara mbili. Tatu, "Mashine ikikuuliza kitu ni kama kadhi amekuuliza. Usijibu ndiyo na swali hujalisikia."

Basi. Flash ya pili nilikuwa nimemwazima rafiki yangu wa Shela, na yeye alikuwa nayo huko Shela, kwa hiyo nakala ikawa moja. Tarehe niliisoma vizuri. Kisha mashine ikaniuliza: Ondoa kabisa miamala yenye thamani ya sifuri? Humo ndani kulikuwa na sifuri kwa mamia, risiti zilizofutwa, majaribio, makosa ya watu kabla yangu. Nilijibu ndiyo. Tena nilijiona fundi.

Sasa nirudi nyuma siku moja, kwa sababu hii ndiyo sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Nikipitia orodha ya wateja kabla ya kuihifadhi, nilikutana na mteja aitwaye MGENI. Kila alichonunua kilikuwa bei ya sifuri, na alinunua vitu vilevile: sanda, kafuri, kiunza. Nikamuuliza Bi Maimuna huyu Mgeni ni nani mwenye bahati hivi.

"Ni maiti," alisema.

Akanieleza. Bahari ikitupa mtu ufukweni, na hakuna anayemjua, na hali yake hairuhusu kungoja, wakubwa wanaandika karatasi yao, kisha wazee wa kuosha wanakuja kwa Bwana Shee. Bwana Shee hamuuzii mgeni sanda. Anatoa. Lakini mashine hairuhusu bidhaa kutoka bila mauzo, stoo itasoma vibaya. Kwa hiyo Bi Maimuna akamfungulia akaunti Mgeni, akaandika bei sifuri, na pale chini penye nafasi ya maelezo, ambapo wengine tunaandika "rangi ya bluu" au "ataichukua kesho", yeye akaandika alichoambiwa na waoshaji: mtu alikuwaje, alivaa nini, amelazwa wapi. Vibao vya makaburini vinaibiwa kwa ajili ya kuni, na mchanga hautulii. Hakukuwa na mahali pengine pa kuwaandika.

Nilisoma mmoja mmoja. Nikafika hapa:

"Mwanamume, kijana. Amevaa suruali mbili, moja juu ya nyingine. Mfukoni kijiko cha bati, mpini una tundu. Makaburi ya wageni, safu ya pili, kaburi la," na namba.

Manze, nilicheka. Suruali mbili na kijiko. Nikapiga skrini picha kwa simu, nikaandika juu yake kwa wino mwekundu KARIBU MEZANI, nikabandika na ile sura ya njano inayocheka hadi machozi. Niliibandika kubwa, chini kwenye kona, maneno yanapoishia. Nikairusha kwenye grupu la darasa.

"Wateka nini weye?" Bi Maimuna aliuliza, akiwa amekodoa upande wangu macho yasiyoniona.

"Nacheka tu, Bi. Mambo ya shule."

Grupu lilicheka siku mbili. Kesho yake nikafanya ile kazi ya kuhifadhi, nikajibu ndiyo, na mashine ikawa nyepesi kama mpya. Bwana Shee alinipa soda. Ile nakala moja iliyobaki ilidumu msumarini wiki nzima, hadi nilipohitaji nafasi. Niliifuta nikaweka filamu tatu za vita na moja ya joka kubwa, nikairudisha palepale na uzi wake. Ukiitazama ukutani hungejua.

Desemba, siku ya tatu ya likizo, aliingia mwanamke mwenye sweta, hapa Amu, na joto hili. Nikajua ni wa bara kabla hajafungua mdomo. Alipofungua nikajua na kijiji karibu nikitaje.

"Nimeambiwa hapa ndipo walipoandikwa," alisema.

"Nani, mama?"

"Wale wasiojulikana."

Aliitwa Mama Musembi. Mwanawe Musembi alikuja huku miaka mingi iliyopita, kibarua wa kupakia mawe upande wa Manda. Simu ilinyamaza, na nyumbani wakasema amepata mwanamke wa pwani amewasahau. Mwaka huu mtu mmoja aliyekuwa naye kazini alirudi kijijini mgonjwa, akamwita mama huyu kitandani kwake na kumwambia: boti ilizama, mimi niliogelea, yeye hakujua kuogelea, mimi nikakimbia kwa hofu.

Kwenye mfuko wa nailoni alikuwa na karatasi, ameikunja ndani ya gazeti. Kilikuwa kibali cha kufukua kaburi ili amrudishe mwanawe nyumbani. Kilikuwa na mhuri na sahihi, kimebaki pengo moja tu, pale panapoandikwa kaburi lipi.

"Ofisini wameniruhusu kaburi moja," alisema. "Wameniambia, mama, makaburi ya watu hayafukuliwi kwa kubahatisha. Leta namba."

Kisha akaniuliza jina. Nilipomwambia Mutinda alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kumbe ni wewe, wa kwetu! Mungu ameniwekea mtu wa kwetu hapa." Na akaanza kusema Kikamba, haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amebeba mzigo kichwani akaoneshwa pa kuutua.

Bwana Shee akasema kutoka mlangoni, "Kiyana, mfungulie akaunti ya Mgeni."

Nikafungua. Mashine ikaandika: Hakuna miamala. Nikafungua faili la kumbukumbu. Hakuna miamala. Kiduara hakikuzunguka hata kidogo, maana nilikuwa nimeifanya mashine iwe nyepesi. Ndipo nikakumbuka lile swali la sifuri. Nikainua macho, nikaiona flash inaning'inia msumarini na joka langu ndani.

"Mashine inasumbua, mama," nikasema. "Rudi kesho asubuhi."

Alinishukuru. Abuu, alinishukuru, akaenda kulala kwenye benchi la kanisa.

Alipoondoka nilimwambia Bi Maimuna kila kitu. Sikuwa jasiri. Nilijua tu kwamba vidole vyangu vikigusa kibodi atasikia.

"Wote?" akauliza.

"Wote, Bi."

"Walikuwa kumi na moya."

Akaanza kuwataja, akikunja vidole. Mwanamke mwenye hina mkononi. Mzee wa pete ya shaba. Mtoto. Mwenye kovu mgongoni. Alipopita wa sita, akarudia wa pili. Akaanza upya, akafika wa tano. Kisha akafungua ngumi.

"Wale niliwaandika nipate kuwasahau," alisema. "Ningewabeba wote kitwani, ningelala saa ngapi?"

Nikamwambia polepole kwamba yupo mmoja ninaye. Wa suruali mbili. Nikamweleza ile picha ilivyo, na nilichoandika juu yake, na sura niliyobandika, na mahali nilipoibandika. Kwenye simu yangu picha safi nilikuwa nimeshaifuta kupunguza uzito. Iliyobaki ni ya grupu, na vicheko vyake, na namba iliyo chini ya ile sura sikuwa nimeikariri.

Mteja wa misumari aliingia, akatutazama, akatoka bila misumari.

"Huenda siye mwanawe," nikasema.

"Huenda," akasema. "Utamwonyesha hivyo ilivyo. Usikate, usipambe. Na utashika simu wewe mwenyewe."

Asubuhi Mama Musembi alifika kabla ya duka kufunguliwa. Nikaishika simu. Alisoma kama watu waliosoma ukubwani, kidole kikifuata kila neno, midomo ikitembea. Alipofika kwenye kijiko, kidole kilisimama.

"Hili tundu nilitoboa mimi," alisema. "Kwa msumari na jiwe. Apitishe uzi akivae. Pale kambini kwao vijiko vilikuwa vichache, asiye na chake anangoja mwenzake amalize, na Musembi hakupenda kungoja." Akaendelea. "Na suruali mbili, ndiyo. Alinunua mpya ya kuja nayo Krismasi. Ukiiacha kambini inaibiwa. Aliniambia kwa simu: mama, nitakuja nimeivaa ndani."

Kisha akafika mwisho wa mstari, kwenye ile sura ya njano. Akaisugua kwa kidole gumba, kama unavyosugua uchafu kwenye kioo. Picha ikasogea, ikarudi. Akasugua tena kwa ncha ya sweta.

"Toa hii niione namba."

"Haitoki, mama."

"Huyu anayecheka ni nani?"

"Ni mimi."

Akaniuliza kwa lugha yetu, bila kupandisha sauti, kwa nini. Mimi ni mtu wa majibu, Abuu. Nimefukuzwa darasani kwa ajili ya majibu. Nikaizima simu, nikaitia mfukoni.

Tulikwenda makaburini wanne: yeye, Bwana Shee, Bi Maimuna nikimshika mkono, na mimi. Ni mchangani, nje ya mji. Safu ya pili ina vilima vinne vidogo, vyote sawa, na nyayo za punda zimepita juu yake. Bwana Shee alivua kofia akaivaa tena.

"Mlimwosha?" Mama Musembi akamuuliza.

"Alioshwa, Bi. Akaswaliwa. Dini yake hatukuijua, utuwie radhi. Tulimzika tunavyozikana."

"Na nguo mlimpa?"

"Sanda mpya."

Alitikisa kichwa kukubali. Kisha akamgeukia Bi Maimuna. "Wewe ndiye uliyeandika. Nikumbushe."

Bi Maimuna aliuachia mkono wangu. Alisimama peke yake mchangani, uso ameuinamisha, na midomo yake ikawa inaita namba moja baada ya nyingine. "La pili," alisema. Mama Musembi akatoa kalamu. "Au la tatu," alisema Bi Maimuna. "La pili ni la mwenye kovu. Au kovu ni la... Bi, nisamehe. Siwezi kukupa mtoto wa mtu mwingine."

Ile kalamu ilikaa juu ya lile pengo la karatasi. Nilijikuta namwombea aandike tu, aandike lolote, ili iwe imekwisha. Akaifunga kalamu. Akakunja kibali kwenye gazeti, gazeti kwenye mfuko.

Kisha akaenda kwenye kilima cha kwanza, akachuchumaa, akasema, "Musembi, ni mama." Akatega sikio kama mtu anayengoja kuitikiwa. Akainuka, akaenda cha pili, akasema vilevile. Cha tatu. Cha nne. Hakuharakisha hata kimoja. Alipomaliza alipangusa mchanga magotini akauliza boti ya Mokowe, ya kurudi bara, inaondoka saa ngapi.

Bwana Shee alimlipia boti. Mimi nilimbebea mfuko hadi gatini, na njia nzima hakusema nami, si kwa Kiswahili wala kwa lugha yetu. Pale ngazini akauchukua mfuko wake.

Bwana Shee hakunifukuza. Alisema mashine haina akili, na kijana bado anaipata. Afadhali angenitusi. Nilimaliza likizo, kisha nikastaafu.

Kwa hiyo, Abuu, haya ndiyo ninayokukabidhi. Herufi M ibonyeze kwa nguvu. Nakala ni mbili, na flash si ya kuweka filamu. Likija lile swali la sifuri, jibu ni hapana. Akaunti ya Mgeni nimeifungua upya, nimewaandika wale sita waliobaki kwa Bi Maimuna, kila mmoja na alivyomkumbuka, na pale asipokuwa na uhakika nimeandika hana uhakika. Wa saba, yule wa suruali mbili, nimempa jina lake. Pale penye kaburi nimeandika: safu ya pili, halijulikani. Zamani alikuwa na namba, hana jina.

Wanne waliosalia sina neno lao hata moja. Siku moja mtu ataingia na karatasi yake kwenye mfuko wa nailoni, atauliza. Usimwambie mashine inasumbua. Mkalishe, mpe maji, kisha uje uniite. Tunaishi nyuma ya shule, nyumba ya mlango wa kijani. Nitakuja kumwambia mwenyewe.